Vyura Wanne Chini ya Jina Moja

Kila mwanafunzi wa sekondari aliyefungua kitabu cha Baiolojia ameuona mchoro wa maisha ya chura: mayai yaliyofungamana katika ute majini, kisha kiluwiluwi mwenye mkia na matamvua, kisha miguu ya nyuma, kisha ya mbele, na mwishowe chura kamili anayeruka na kulihama dimbwi alimozaliwa. Mchoro huo ni wa kweli kwa vyura wengi. Hata hivyo, katika misitu ya milima ya Tanzania wamo vyura ambao mchoro huo hauwahusu hata kidogo. Jike wa vyura hao hatagi mayai wala hahitaji dimbwi. Mayai yake hurutubishwa ndani ya mwili, viluwiluwi hukua humo humo, na siku ya kuzaa hutoka vyura wadogo waliokwisha kuumbika, kila mmoja asiyezidi punje ya mahindi kwa ukubwa.

Vyura wanaozaa ni wachache mno duniani. Hawafiki hata mmoja katika kila spishi mia moja za vyura zinazojulikana. Kwa hiyo taarifa aliyoitoa Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama huko Berlin, mwaka 1905, ilikuwa jambo geni kwa wakati wake. Tornier alikuwa amechunguza vyura waliohifadhiwa kutoka katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akaeleza kwamba majike walibeba vitoto tumboni. Katika jike mmoja wa vyura hao vimewahi kuhesabiwa vitoto zaidi ya 100. Tornier alimpa mnyama wake jina la Pseudophryne vivipara, na neno la pili lina maana ya ‘mwenye kuzaa watoto walio hai’. Neno la kwanza halikumfaa, kwa sababu vyura wa jenasi ya Pseudophryne ni wa Australia. Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble aliunda jenasi mpya, Nectophrynoides, na tangu hapo chura wa Tornier amejulikana kwa jina la Nectophrynoides viviparus.

Kwa miaka 120 jina hilo lilitumiwa kwa kila chura wa namna hiyo aliyekuwa na tezi kubwa bapa nyuma ya macho na nyingine juu ya miguu, awe ameokotwa katika milima ya Udzungwa, au Mahenge, au katika Nyanda za Juu za Kusini. Mwezi Novemba 2025 kikundi cha watafiti, ambamo alikuwamo John V. Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichapisha uchunguzi uliofikia uamuzi mwingine: chini ya jina hilo moja mlikuwa na spishi zisizopungua nne. Vyura wenyewe hawakuwa wageni. Walikuwa wameonwa, wamekamatwa, wamepimwa na kutiwa katika chupa tangu zamani. Jina ndilo lililowafunika.

Namna walivyofunuliwa, na sababu za kufunuliwa kwao kuwa jambo zito kuliko kuongeza majina matatu katika orodha, ndiyo habari ya makala hii.

Spishi fiche

Maana ya spishi ambayo hufundishwa shuleni ni hii: kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao katika mazingira yao ya asili na kupata uzao wenye rutuba, ilhali hawazaani hivyo na viumbe wa kundi jingine. Maana hiyo haisemi chochote kuhusu sura. Mtu hutumia sura kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwa urahisi, na aghalabu sura haimdanganyi: simba na chui hawahitaji hadubini. Lakini zipo spishi mbili au zaidi ambazo hazizaani, zilizotengana kwa mamilioni ya miaka, na bado mtu akizipanga mezani hawezi kuzitofautisha kwa macho. Hizo huitwa spishi fiche.

Jambo hili halikuanzia kwa vyura, na katika Afrika mfano wake mashuhuri ni wa mbu. Hadi miaka ya 1950 mbu aliyeitwa Anopheles gambiae, mwenezaji mkubwa wa malaria, alihesabiwa kuwa spishi moja. Katika miaka ya 1960 mbu wa mahali mbalimbali walizalishwa pamoja katika maabara, ikaonekana kwamba baadhi ya michanganyiko hiyo ilitoa madume tasa. Kumbe walikuwa spishi kadhaa. Mmoja wao, Anopheles quadriannulatus, hupendelea damu ya wanyama na hana sehemu yoyote ya maana katika kueneza malaria kwa watu, ilhali ndugu zake wanaofanana naye kwa kila hali ni hatari kubwa. Bila ya kuwatenga, mtu angeweza kutumia dawa na fedha nyingi kumpiga vita mbu asiye na hatia.

Kwa vyura, hali ya kufichika ni ya kawaida zaidi kuliko ilivyodhaniwa, na ipo sababu yake. Ndege huchaguana kwa macho. Dume mwenye manyoya ya rangi fulani hupendwa au hukataliwa, na hivyo spishi mbili zinazotengana hutofautiana upesi kwa sura. Chura huishi usiku. Jike humtambua dume wa spishi yake hasa kwa sauti, na katika jamii nyingine kwa harufu au kwa kugusana. Basi vyura wawili waweza kutengana kabisa katika mambo wanayoyajali wao, huku miili yao ikibaki vilevile, maana wote wawili wanaishi katika majani makavu yale yale, wanakula sisimizi wale wale, na wanajificha kwa adui kwa rangi ile ile ya udongo. Mazingira yanayofanana huzuia miili isibadilike.

Ukubwa wa kosa hili la hesabu ulidhihirika vizuri Madagaska. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza vinasaba vya vyura wa kisiwa hicho, kutoka mahali zaidi ya 170, walikadiria kwamba kulikuwa na spishi kati ya 129 na 221 ambazo hazijapewa majina, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na spishi 244 tu zilizoorodheshwa. Yaani orodha yote ya miaka mia mbili ilielekea kukaribia kuongezeka maradufu. Kwa dunia nzima, orodha ya mwaka 1985 ilikuwa na spishi 4,000 hivi za amfibia. Leo idadi hiyo inakaribia 9,000. Baadhi ya ongezeko hilo limetoka katika misitu ambayo hapo awali haikufikiwa, lakini sehemu kubwa imetoka katika kuyafungua majina ya zamani na kuangalia nani wamo ndani yake.

Milima iliyo kama visiwa

Kutoka vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania umepangika mkufu wa milima ya miamba ya kale sana: Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru, na iliyosalia. Wanajiografia huiita Milima ya Tao la Mashariki. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda katika miteremko yake, hupoa na kuacha mvua na ukungu, na kwa njia hiyo misitu imedumu juu yake kwa muda mrefu mno, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Baina ya mlima na mlima ni nyika yenye miombo na nyasi, inayoungua moto karibu kila kiangazi.

Kwa tembo nyika hiyo ni njia. Kwa chura mwenye urefu wa sentimita mbili, ambaye ngozi yake hupoteza maji kwa urahisi na hutumika pia kwa kupumua, kilomita hamsini za nyika ni kama bahari. Hivyo vyura wa mlima mmoja wamekaa bila kuonana na wa mlima wa pili kwa maelfu kwa maelfu ya vizazi, kila kundi likikusanya mabadiliko yake madogo madogo katika vinasaba. Ni vyema kukumbuka kwamba uzazi wa Nectophrynoides huukaza zaidi utengano huo. Chura anayetaga majini hulazimika kushuka mtoni, na mafuriko ya mto huweza kuyasafirisha mayai au viluwiluwi vyake mbali. Chura anayezaa hana haja ya kuondoka katika kipande chake cha msitu tangu anapozaliwa hadi anapokufa.

Kwa kuzingatia hayo, mtu angetarajia kwamba kila mlima una vyura wake. Hata hivyo hesabu ilikwenda polepole. Thomas Barbour na Arthur Loveridge walipochapisha mwaka 1928 ulinganisho wao mkubwa wa amfibia na reptilia wa Uluguru na Usambara, vyura wa jenasi hii waliojulikana Tanganyika walikuwa wawili: viviparus wa Tornier na tornieri, aliyepewa jina hilo mwaka 1906 kwa heshima ya Tornier mwenyewe. Mwaka 1971 Mswisi J.-L. Perret alimtambua katika vielelezo vya Uluguru chura wa tatu, naye akamwita cryptus, yaani aliyefichika. Jina hilo lingeweza kutumiwa kwa jenasi nzima. Mwaka uliofuata alimwongeza minutus. Mwaka 1988 alitambuliwa wendyae kutoka Udzungwa, na mwaka 1999 asperginis wa maporomoko ya Kihansi, ambaye habari zake zitafuata. Mwaka 2004 Michele Menegon na wenzake walieleza spishi tano kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya vyura hao wangeweza kupita kwa urahisi kama tornieri mbele ya jicho lisilo na subira. Mwaka 2005 na 2007 ziliongezwa spishi mbili kutoka Ukaguru. Jumla ikawa 13.

Katika msongamano huo wa majina mapya, viviparus alibaki kama alivyokuwa. Ndiye aliyekuwa na eneo kubwa kuliko wenzake wote, na kwa sababu hiyo ndiye aliyeonekana kuwa na nafuu. Jambo hili lenyewe lilipaswa kuzua swali: kwa nini chura mmoja tu wa jenasi hii aweze kuvuka nyika ambazo ndugu zake wote zimewashinda?

Sauti, rangi na vinasaba

Mtafiti anayeshuku kwamba jina moja linawafunika wanyama wengi ana njia kadhaa za kufuata, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni sauti. Usiku wa mvua mtu hurekodi mlio wa dume, kisha chombo huuchora mlio huo kama picha: mstari wa chini ni muda, na urefu wa alama ni ukali wa sauti. Milio ambayo kwa sikio ni ‘krii’ moja tu yaweza kuonekana kuwa na mapigo kumi kwa sekunde kwa chura mmoja na mapigo ishirini kwa mwingine. Lakini damu ya chura hufuata joto la hewa, na usiku wa baridi dume yule yule hulia polepole. Mtu anayelinganisha mlio wa Amani uliorekodiwa saa mbili usiku na mlio wa Lushoto uliorekodiwa alfajiri, bila kupima joto, atagundua spishi ambayo haipo. Shule yenye kipimajoto na kinasa sauti chochote yaweza kulithibitisha jambo hili katika bwawa lililo karibu nayo kwa muda wa juma moja.

Tena, wapo vyura wasiolia. Mwaka 2023 alielezwa chura wa matete kutoka Ukaguru, Hyperolius ukaguruensis, ambaye inaelekea hatoi mlio wowote wa kumwita jike. Ni mmoja wa kundi la vyura wa matete ambao baadhi ya madume yao wana vijiba kama miiba kooni, na hudhaniwa kwamba jike humtambua dume kwa kuvigusa vijiba hivyo. Waliompata walikuwa wakimtafuta chura mwingine, ambaye jina lake la kisayansi mwanafunzi yeyote wa Tanzania atalielewa bila kamusi ya Kilatini: Churamiti maridadi. Chura huyo wa pili alielezwa mwaka 2002, naye pia ni wa Ukaguru. Ingekuwa furaha kama majina mengi zaidi yangetolewa kwa lugha ya watu wanaoishi na wanyama hao.

Njia ya pili ni umbo na rangi. Rangi ni shahidi mwongo kuliko wote. Vyura wa matete wa kundi la Hyperolius viridiflavus, waliotapakaa Afrika ya Mashariki, wana mistari, madoa, wekundu, weupe na weusi kwa namna ambazo ziliwapa wataalamu wa zamani nafasi ya kutunga majina chungu nzima. Na vijana wao wa kahawia huonekana kama wanyama wengine kabisa kando ya wazazi wao. Hapo tatizo ni kinyume cha lile la viviparus: majina mengi kuliko wanyama. Ni hadhari njema kwa mtu anayedhani kwamba kila tofauti ni spishi. Vipimo vya mifupa, mpangilio wa tezi, kuwapo au kutokuwapo kwa ngoma ya sikio, na urefu wa vidole huaminika zaidi, mradi wapimwe wanyama wengi, wa kike na wa kiume.

Ya tatu ni vinasaba. Katika kila seli ya mwili imo kemikali ya urithi iitwayo DNA, ambayo ni kama maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Kila kizazi hunakili maandishi hayo, na katika kunakili hutokea makosa machache. Watu wanaozaana hugawana makosa yao; wasiozaana kila kundi hubaki na yake. Kwa hiyo idadi ya herufi zinazotofautiana kati ya chura na chura ni kama saa inayoonyesha muda ambao koo zao zimeishi mbalimbali, japokuwa ni saa isiyokwenda sawasawa daima. Kwa kawaida watafiti huanza na DNA ya mitokondria, kwa sababu nakala zake ni nyingi katika kila seli. Lakini mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, na husimulia habari za upande mmoja tu wa familia. Kama madume wa milima miwili walikuwa wakichanganyika, mitokondria haitasema. Ndiyo sababu hakuna mtaalamu mwangalifu atakayetangaza spishi kwa ushahidi huo pekee. Hutafuta kama vinasaba vya kiini cha seli, umbo, sauti na jiografia vinakubaliana.

Kwa viviparus vilikubaliana. Vyura wa Mahenge, wa Luhomero katika Udzungwa na wa sehemu nyingine walijitenga katika makundi ya vinasaba, na walipotazamwa tena kwa makini, tezi zao na maumbile yao mengine yalionekana kutofautiana pia. Ni jambo la kawaida katika kazi hii: baada ya kuambiwa mahali pa kutazama, jicho huona lisichokiona kwa miaka mia.

Nani abaki na jina la kale?

Hapo ndipo lilipotokea tatizo ambalo maabara haiwezi kulimaliza peke yake. Ikiwa jina viviparus litagawanywa, ni kundi lipi kati ya manne litakalobaki nalo? Haliwezi kupewa lenye wanyama wengi, wala linalopatikana kwa urahisi, wala linalopendwa na mtafiti. Sheria za kimataifa za majina ya wanyama zinataka jina lifuate vielelezo vile vile ambavyo mtunzi wa jina alikuwa navyo mkononi. Kielelezo hicho ni kwa jina kama hati ilivyo kwa kiwanja. Basi ilikuwa lazima kurudi kwa vyura waliookotwa zaidi ya miaka 120 iliyopita na kuwauliza walikuwa wa kundi gani.

Chura aliyekaa katika alkoholi kwa muda huo amepauka na kusinyaa. Tezi zake zimelala, rangi yake imekuwa ya majani ya chai yaliyochujwa, na lebo yake huenda ikataja nchi au wilaya tu, kwa tahajia ya Kijerumani ya wakati ule. Umbo lake halitoshi tena kumtambulisha. DNA nayo huvunjika baada ya kifo. Katika damu au ini la chura aliyekufa leo mtu hupata nyuzi zenye maelfu ya herufi. Katika kielelezo cha umri huo hupata vipande vifupi, vingi visivyofika herufi 100, vilivyochanganyika na DNA ya bakteria, ya kuvu, na ya vidole vya watu wote waliowahi kukishika. Waliotiwa katika fomalini ni wabaya zaidi, kwa sababu kemikali hiyo, ambayo huuhifadhi mwili vizuri kwa macho, huzifunga nyuzi za DNA na protini pamoja kama gundi.

Ufundi wa kusoma vipande kama hivyo ulianza kwa mifupa ya kale. Kazi hufanywa katika chumba safi, kwa mavazi ya kufunika mwili mzima, mbali na meza yoyote ambapo chura mbichi amepasuliwa. Vipande vyote husomwa, mamilioni kwa mamilioni, kisha kompyuta huvipanga juu ya maandishi ya chura aliyejulikana, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa akiwa na nakala ya barua inayofanana nayo mbele yake. Kazi hiyo juu ya vielelezo vya kale ilifanywa na Alice Petzold wa Chuo Kikuu cha Potsdam, na ikaonyesha vielelezo hivyo vilikuwa vya makundi yapi kati ya yale yanayojulikana leo.

Baada ya hapo mgawanyo uliwezekana. Wanaobaki na jina viviparus ni wale tu wanaolingana na vyura wa Tornier. Wengine walipata majina ya nchi wanazoishi: Nectophrynoides luhomeroensis kwa Luhomero ya Udzungwa, saliensis kwa msitu wa Sali ulioko Mahenge, na uhehe kwa nchi ya Wahehe. Jenasi ikafikia spishi 16.

Si vibaya kutaja hapa kwamba bila ya lebo kazi yote hii isingefika popote. Kielelezo chenye tarehe, mahali na mwinuko ni ushahidi hata baada ya karne. Kisicho na lebo ni nyama iliyohifadhiwa tu. Mikusanyo ya shule nyingi, yenye nyoka na vyura katika chupa za jamu bila hata herufi moja juu yake, imekwisha kupoteza thamani ambayo ingeipata kwa dakika mbili za kalamu ya risasi.

Thamani ya jina

Mtu aweza kuuliza: vyura ni wale wale, msitu ni ule ule, wanne au mmoja, kuna tofauti gani? Tofauti huonekana mara tu mtu anapochukua ramani. Chura mmoja aliyeenea kutoka Nyanda za Juu za Kusini hadi Mahenge akipoteza msitu wa Sali, amepoteza pembe moja ya makao yake. Saliensis akipoteza msitu huo, hana kwingine kunakojulikana pa kwenda. Hatari ile ile, shoka lile lile, moto ule ule. Lakini katika hesabu ya kwanza ni upungufu, na katika hesabu ya pili ni mwisho. Anayeamua msitu upi ulindwe kwanza, au barabara ipitishwe wapi, huamua kwa kutazama orodha, na asiyekuwamo katika orodha hahesabiwi.

Katika jenasi hii hilo si jambo la kudhania. Mwezi Desemba 1996, chini ya maporomoko ya mto Kihansi, katika ukingo wa milima ya Udzungwa, walipatikana vyura wadogo wa rangi ya dhahabu ambao urefu wao haufiki sentimita tatu. Makao yao yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani na mawe yaliyorowanishwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Walipatikana wakati ujenzi wa mitambo ya umeme ukiwa umekwisha kuanza, na jina lao rasmi, Nectophrynoides asperginis, lilitoka mwaka 1999. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya maji ya mto ilikuwa imekwisha kuelekezwa katika mitambo, na manyunyu yakakatika. Chura ambaye uzazi wake ulikuwa umemweka huru na madimbwi alikuwa mfungwa wa ukungu wa maporomoko mamoja.

Hatua zilichukuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa katika bustani za wanyama Marekani, na mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa bondeni. Kwa muda ilionekana kwamba mabomba yangetosha. Katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura ilikadiriwa kufika 20,000 hivi. Miezi michache baadaye walianguka ghafula. Katika miili yao ilikutwa kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi za amfibia na ambayo imeangamiza vyura katika mabara mengi. Mwezi Januari 2004 waliohesabiwa bondeni walikuwa watatu. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka katika mazingira yake ya asili. Waliozaliwa uhamishoni walianza kurejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kundi la kwanza likaachiwa Kihansi mwaka 2012.

Laiti chura wa Kihansi angefanana zaidi na viviparus au tornieri, na kama waliompata wangeandika jina hilo katika daftari na kuendelea na safari yao, hakuna ambaye angejua kwamba wale 499 walipaswa kuokolewa. Bonde lingekauka, na vitabu vingeendelea kusema kwamba mnyama huyo anapatikana kwa wingi mahali pengine.

Ndugu yake mwingine hakupata bahati hiyo. Miongoni mwa spishi tano zilizopewa majina mwaka 2004 imo Nectophrynoides poyntoni, kutoka katika msitu wa ukingo wa Udzungwa. Vyura walioelezwa walikamatwa mwaka 2003. Tangu mwaka huo chura huyo hajaonekana tena, japokuwa watafiti wameukanyaga msitu huo mara kwa mara, na yapo maoni kwamba huenda amekwisha toweka. Jina lake lilichapishwa wakati yeye mwenyewe, kwa kadiri inavyojulikana, alikuwa amekwisha kuonwa kwa mara ya mwisho.